Talaka Arobaini na Sita za Mahrus Efendi

Naapa kwa mkate huu ulio mkononi mwangu, na kwa macho yangu mawili, ambayo daktari anasema yamebaki jicho moja na nusu, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuhadithiwa na mtu. Niliyashuhudia mwenyewe, mimi Bayumi, karani wa wakili kwa miaka thelathini na mmoja, mstaafu sasa, niliyejifundisha kusoma kwa karatasi za kesi za zamani ambazo muuza jibini alikuwa akifungia jibini lake. Atakayesema nimetia chumvi, na aonje kwanza.

Wakili mwenyewe alikuwa Mahrus Efendi Dakruri, mtoto wa mnyoa punda wa hapa hapa Mit Hamdan. Alirudi kutoka shule ya sheria ya Kairo mwaka ule ilipoonekana nyota yenye mkia, ana kanzu moja ya mahakamani na jozi moja ya viatu. Alikuwa mfupi, bila tarbushi yake ungemkanyaga. Lakini Mungu humnyima mtu huku akampa kule. Alipofungua kinywa mahakamani, njiwa wa Tanta, mwendo wa saa nzima kwa treni, walikuwa wakiruka kutoka kwenye mapaa.

Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya nyati wa maziwa ambaye watu wawili walimgombania. Mahrus Efendi aliomba mahakama ihamie uani, akasimama mbele ya yule nyati akamhoji kwa robo saa, kwa heshima zote. Alipomaliza, mnyama akatembea taratibu akaenda kusimama nyuma ya mwenyewe. Hakimu aliandika kwenye jalada kwamba shahidi wa tatu hakuapishwa lakini ameaminika. Tangu siku hiyo wakulima walimiminika kwetu. Na kwa kuwa mkulima hashiki fedha mpaka pamba iuzwe, walilipa kwa chochote chenye miguu. Ofisi ilijaa mabata bukini. Kulikuwa na bukini mmoja mkubwa aliyekaa kwenye kiti cha mteja, akawa anatikisa kichwa kila wakili akieleza kifungu cha sheria, na nimewahi kuona watu wakimwamkia.

Basi ikaja katiba, na katiba ikaja na uchaguzi. Wakati ule watu hawakumchagua mbunge moja kwa moja. Kila wanaume thelathini walimchagua mjumbe wao, na wajumbe ndio waliokwenda kumchagua mbunge. Upande wetu ulitoa wajumbe themanini na mmoja. Watu wakamfuata Mahrus Efendi ofisini, wakamtaka agombee. Yeye akahesabu: katika hao themanini na mmoja, sitini aliwahi kuwatetea, na waliobaki walikuwa mashemeji za hao sitini. Akaona ushindi umeshalala mkekani unamngoja.

Hakumhesabu Shahin Bey. Huyu alikuwa na mashamba ambayo kunguru akianza kuyavuka asubuhi hulala njiani. Hotuba hakuwa nazo, wapishi alikuwa nao. Siku tano kabla ya kura aliwaalika wajumbe wote chakula cha mchana, akawaandalia njiwa waliojazwa ngano, bata, na wali uliokaangwa kwa samli mpaka unateleza wenyewe kooni. Nilikuwepo. Nilikwenda kupeleleza, na mpelelezi hawezi kukaa mbele ya sahani bila kula, atajulikana.

Watu walipokwisha shiba, wanalegeza mishipi, Bey akasema hataki mengi. Anataka kila aliyeonja njiwa wake aape kwa talaka tatu kwamba atampigia yeye kura. Mnatujua sisi watu wa mashamba. Tunaapa kwa talaka mgeni akikataa kikombe cha pili cha chai. Tunaapa kwa talaka kwamba punda wetu ana mbio kuliko wa jirani. Mdomo ni mwepesi na tumbo lilikuwa limejaa. Wajumbe arobaini na sita wakainuka mmoja mmoja wakaapa. Mimi sikuapa. Nataka hilo lieleweke. Mimi nilikuwa kule nyuma na mfupa.

Asubuhi yake walikuja ofisini kichwa chini, wamejipanga mpaka barabarani. Aliyesukumwa mbele kusema alikuwa Mitwalli, mkamua mafuta ya ufuta, mtu mnene mwenye mke mwembamba aitwaye Nabawiyya.

"Ustadhi," akasema, "tumekuja kukupa pole."

"Nani amekufa?"

"Wewe, Ustadhi. Yaani kura zako."

Akaeleza yote, pamoja na njiwa. Mahrus Efendi alikaa akibangua mbegu za maboga, jambo alilolifanya kila alipokuwa na kesi ngumu. Talaka moja au mbili zina dawa, mume humrejea mkewe ndani ya eda na maisha yakaendelea. Talaka tatu ni ukuta: hamrudii mpaka mke aolewe na mwanamume mwingine, naye amwache kwa hiari yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini na sita ambaye angelitaka jambo hilo, na wawili watatu walianza kutazamana kwa jicho baya hapo hapo kwenye foleni.

Maganda yalipofika kwenye kifundo cha mguu, wakili akamwuliza Mitwalli aliapa kwa maneno gani hasa.

"Nilisema, mke wangu ana talaka tatu nisipomchagua Shahin Bey."

"Mke wako."

"Ndiyo, mke wangu. Niape kwa mke wa nani?"

"Na siku ya kura, je, ukiwa huna mke?"

Mitwalli akafikiri wakili amepata homa. Lakini mimi, ambaye nilikuwa nimesoma jibini nyingi, nilielewa kabla hajamaliza. Mke akijivua kwa khului kabla ya siku ya kura, akamlipa mumewe chochote akatoka kwenye ndoa, basi mume anapopiga kura kiapo hakina pa kuangukia. Kinaangukia hewani, kinakwisha. Kesho yake mnafunga ndoa mpya, kwa mahari mapya, na mambo yanakuwa kama yalivyokuwa. Tulimwendea Shehe Abdu-Tawwab, mfungisha ndoa wetu. Alifungua vitabu vitatu, akapuliza vumbi, akasema kwa madhehebu ya Shafii jambo linapita, ila angeshukuru sana kama mkewe hatalisikia.

Alhamisi, wanawake arobaini na sita wakaja kwenye uwanja wa kupuria ngano, wamevaa mabuibui, kila mmoja na yai moja mkononi. Yai ndilo lililokuwa fidia. Shehe alikaa na kikapu. Mwanamke anakuja, anasema amejivua kwa yai hili, mume anakubali, yai linaingia kikapuni, mimi naandika. Wengine walicheka, wengine walilia kidogo kwa ajili ya adabu. Nabawiyya hakucheka wala hakulia. Aliligeuza yai lake juani kama anatafuta kifaranga ndani, kisha akamwuliza wakili iwapo yeye mwenyewe ameoa. Akasema bado.

"Nilidhani," akasema Nabawiyya, akaliweka yai.

Jumamosi wakapiga kura. Mjumbe asiyejua kuandika alimnong'oneza katibu jina la mtu wake, na Shahin Bey alikaa karibu ya mlango akitabasamu kwa kila aliyepita, maana alijua kila mmoja kambeba mke wake kwenye ulimi. Zikahesabiwa. Mahrus Efendi themanini, Shahin Bey moja, nayo ya mpwa wake.

Bey akasimama. Hakupiga kelele, nampa haki yake. Alisema kwa sauti ya kiungwana kwamba anawapa pole wajumbe, kwa kuwa kuanzia saa hii nyumba arobaini na sita hazina mke, na yeye anashuhudia viapo.

Mahrus Efendi akatoa karatasi zangu kwenye mkoba. "Bey," akasema, "mabwana hawa ni waseja tangu Alhamisi."

Ukumbi ulicheka mpaka taa zikatikisika. Tukambeba mbunge wetu mabegani, na kwa jinsi alivyokuwa mdogo, mabega yalibaki. Akahutubia mbele ya ofisi, na katika furaha yake akasema neno moja la ziada. Alisema hatakwenda Kairo kukaa kwenye kiti cha wabunge mpaka mke wa mwisho awe amerudi jikoni kwake. Bunge lilikuwa linafunguliwa baada ya siku kumi. Alidhani anahitaji moja.

Hapo ndipo lilipo kosa. Yule mtu alikuwa amekipima kiapo kwa dhiraa, amepima kura, amempima Bey na vitabu vya Shehe. Hakukumbuka kwamba mwanamke aliyejivua haolewi tena mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo.

Jumapili asubuhi waume walikwenda kwa wakwe zao na Shehe, wamevaa vizuri. Waliwakuta wake zao wamekusanyika nyumbani kwa baba yake Nabawiyya, milango imefungwa, na Nabawiyya anaongea kupitia kitundu. Alisema wametoa mayai yao, Ustadhi amepata kiti chake, mabwana wamepata heshima yao. Sasa wangependa kusikia na wao wanapata nini.

Siku tatu nzima nilikuwa naandika masharti ya ndoa. Huyu anataka viatu vya ngozi. Yule anataka mama mkwe ahamie chumba cha karibu na ng'ombe. Mwingine alitaka mumewe aache kukoroma, nikaandika, Shehe akafuta. Mmoja alitaka tu aitwe kwa jina lake badala ya kuitwa "wewe," na mumewe aliomba muda akaulize jina lenyewe kwa mkwe. Kufikia Jumanne jioni wanawake arobaini na watano walikuwa wamekwisha rudi kwao na vigelegele. Akabaki Nabawiyya.

Alitaka dirisha. Jiko la Mitwalli lilikuwa halina hata tundu la panya. Akiwasha mabua ya pamba moshi ulikuwa unakaa naye mle ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Alitaka dirisha la dhiraa moja, kwenye ukuta wa upande wa mfereji. Mitwalli alikataa katakata. Ule ukuta ulijengwa na baba yake, na upande wa mfereji kuna njia, watu wanapita, watamwona mkewe. Bora anunue bangili. Nabawiyya akasema bangili haipitishi moshi.

Siku zikaenda. Mitwalli alijipikia maharage yakaungua, akajipikia mengine yakawa mabichi. Kila asubuhi alikuwa anakuja kusimama mbele ya mlango wa mkwewe. Na nyuma yake, kila asubuhi, anasimama mbunge wetu na saa yake mkononi, kwa sababu alisema neno mbele ya watu elfu, na mwana wa mnyoa punda akivunja neno lake siku ya kwanza, Bey hahitaji tena kumwapisha mtu. Tiketi yake ya treni ilikuwa ya Jumatatu. Shahin Bey alikuwa ameshaanza kutuma watu kuulizia afya ya Nabawiyya, kwamba asije akapona haraka.

Jumapili ya pili, siku ya nane ikiingia ya tisa, nilikuwepo na nilisikia kila neno.

"Nabawiyya, rudi nyumbani," akasema Mitwalli mlangoni. "Mbuzi hali."

"Mbuzi ana akili. Anajua nani alikuwa anamlisha."

"Watu watasema nini nikitoboa ukuta wa marehemu baba?"

"Watasema Mitwalli ana dirisha."

"Na wapita njia wakikuona?"

"Wataona mwanamke anakoroga chungu. Kwao hawajamwona?"

Mitwalli akamgeukia wakili, akamwomba amtetee, yeye ambaye alimtetea hata nyati. Mahrus Efendi akafanya jambo ambalo mji mzima haujawahi kuliona: akavua tarbushi yake. Alikuwa na upara mdogo, wa kupendeza.

"Ndugu yangu," akasema, "kesi hii nimeshindwa kabla sijasimama. Mimi nilimtoa mkeo kwenye nyumba yake kwa ajili ya kiti changu, na sikumwuliza. Wewe ulimweka rehani kwa njiwa, na hukumwuliza. Huyu mtu hajawahi kuulizwa kitu. Muulize."

Mitwalli akakaa kwenye kizingiti, akawa anaongea na ubao wa mlango, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Basi niambie. Kwa nini upande wa mfereji?"

Sauti ikasogea karibu na kitundu.

"Kwa sababu siku nzima sioni kitu," akasema Nabawiyya. "Nasikia bata, nasikia maji, nasikia watu wanacheka. Wakicheka sijui wanachekea nini. Nimekaa mle miaka sita, Mitwalli."

Yule mtu mnene alilia, na mimi nikageuka kutazama upande mwingine, maana karani ana adabu zake. Akasema atapata dirisha. Wakili akaliandika sharti palepale kwenye goti lake, dhiraa moja kwa dhiraa moja, ukuta wa mfereji, Mitwalli akatia kidole, Shehe akafungisha ndoa kupitia kitundu cha mlango. Na jua halijazama Mitwalli alishika sururu, akaubomoa ukuta wa baba yake mbele ya ngoma na mazumari, akafungua dirisha kubwa hata ngamia aliyekuwa anapita akaingiza kichwa akaonja mchuzi. Jumatatu Mahrus Efendi akapanda treni, na bukini wote wa ofisi wakamsindikiza stesheni kwa mstari mmoja.

Huko bungeni alisimama siku ya tatu tu, akasimamishwa juu ya vitabu viwili ili aonekane, akapendekeza sheria: mwenye kuapa kwa mke wake kuhusu kura, alale nje ya nyumba wiki moja. Wabunge walicheka mpaka msimamizi wa kikao akapoteza kengele yake. Yeye hakucheka. Bunge likavunjwa, tukamchagua tena. Likavunjwa, tukamchagua tena, mara nne kwa jumla, na kila alipopata nafasi aliinuka na karatasi ile ile. Miaka ikapita, watu wakubwa zaidi wakaandika sheria zao kuhusu viapo vya talaka, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Hakuona uchungu. Alioa mwishowe, mwalimu wa shule, mrefu, na siku ya ndoa mwalimu ndiye aliyeandika masharti. Kila aliporudi Mit Hamdan kwa mapumziko aliniuliza jambo moja, kabla hata ya salamu: dirisha linafanya kazi? Nikawa namjibu kwamba linafanya.

Hapa ndipo nilipoikamilisha hadithi jana, baada ya chakula cha mchana. Nikaona ni nzuri. Nikaingia jikoni kumsomea mke wangu, kwa sababu macho yangu ni moja na nusu lakini masikio yake ni manne. Alikuwa anakaanga bilingani. Nilisoma huku nakohoa, mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Baba Lutfi," akasema, "huyo Mitwalli alikuwa anakaa wapi?"

Nikasema karibu na kinu.

"Karibu na kinu kulikuwa na makaburi. Na hao wake arobaini na sita ni wa wapi? Tulikuwa kumi na mmoja. Kura zenyewe Ustadhi alishinda kwa mbili."

Nikamwambia mambo ya tarakimu humchosha msomaji.

"Sawa. Na mkamua ufuta yupi aliyejua kula njiwa wa Bey mpaka akaapa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mdomo ulikuwa umejaa na hakusikika? Karani wa Ustadhi mwenyewe. Mtu anayekula mshahara wa huyu anakwenda kumwapia yule. Nilikaa kwa baba yangu siku tisa kwa aibu, si kwa dirisha peke yake."

"Mama Lutfi, nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na miaka thelathini. Ulilia kweli pale mlangoni, hapo umesema kweli, na ndiyo maana nilirudi. Hayo mengine yote, sururu, ngoma, ngamia..." Akainua kijiko akalionyesha jiko letu lote kwa kijiko hicho: ukuta mweusi, ukuta mweusi, ukuta mweusi, na mlango. "Ngamia aliingizia kichwa wapi?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba mwaka ule ukuta ulikuwa mbichi kwa mvua, na uliofuata pamba ilishuka bei, kisha akazaliwa Lutfi, kisha vita. Lakini alikuwa amekwisha fungua kisanduku chake cha shaba. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina harufu ya karafuu, akaiweka juu ya hadithi yangu. Nilijua mwandiko wa Mahrus Efendi kabla ya kuvaa miwani. Dhiraa moja kwa dhiraa moja, ukuta wa mfereji. Chini yake jina langu, kwa herufi zangu mwenyewe za jibini.

"Miaka thelathini na sita," akasema, "unamwambia yule maskini linafanya kazi."

Fundi amekuja leo asubuhi. Hakutaka ahadi, alisema jina langu analijua, akataka pensheni ya mwezi mzima mkononi kabla ya kunyanyua nyundo, nami nimempa. Karatasi hii imejaa vumbi la ukuta wa baba yangu na nusu ya maneno siyaoni. Mama Lutfi amesimama nyuma ya fundi, amejifunika pua kwa ncha ya mtandio, anamwambia apanue kidogo zaidi upande wa kushoto, kule wanakopita bata.